Ini la mbwa aliye kwenye steroidi: jinsi ya kulipiga picha na kulisoma bila kujidanganya

Stori huwa inaanza hivi: mbwa amekuwa akiwashwa ngozi muda mrefu, kapewa steroidi (dawa za kutuliza muwasho na uvimbe) katulia, sasa anakunywa maji hovyo, anakojoa ndani, anakula kila anachokiona, tumbo limeshuka, na damu ikipimwa ALP (kimeng'enya cha ini) imepaa mara nne, mara sita, wakati mwingine zaidi ya mara kumi ya kawaida. Daktari anasema tuangalie ini. Unawasha ultrasaundi, unaweka probu, unakuta ini kubwa, jeupe, kingo zimevimba, na mkono unakuwasha kuandika "ini la steroidi" ili uende kwa mgonjwa anayefuata. Subiri kidogo. Ini la sura hiyohiyo utalikuta kwa mbwa mwenye kisukari, mwenye mafuta mengi kwenye ini, mwenye homa ya ini ya muda mrefu, hata mwenye limfoma (saratani ya seli za limfu) iliyosambaa. Picha peke yake haitakwambia ni steroidi, inabidi uijenge kesi, na kesi yenyewe inaanza kabla hujagusa jeli.

Nawaandikia zaidi wenzangu wenye mashine wanaojifunza kuitumia, ila hata mwenye mbwa aliyepewa ripoti asielewe kitu atapata chake humu.

Kwanza ndani ya ini kunatokea nini

Steroidi kama prednisoloni, deksamethasoni, triamsinoloni na ndugu zao zinalisukuma ini litengeneze sukari na kuiweka akiba. Akiba hiyo inakaa ndani ya seli kama glaikojeni, glaikojeni inashika maji, seli inavimba, na chini ya hadubini unaona imejaa sehemu nyeupe zinazoonekana tupu. Seli chache zikivimba huoni kitu, zikivimba karibu zote basi ini zima linanenepa, na hapo ndo linatoka nje ya mbavu. Dozi ikiwa kubwa, seli zinaanza kubadilika ndani ya siku chache tu, ila kwenye skrini inachukua muda zaidi na inategemea na mbwa mwenyewe maana wawili wanaweza kula dozi ileile kwa kilo, mmoja ini likawa jeupe la kutisha na mwingine usione tofauti yoyote.

Kuhusu ALP, mbwa ana aina yake ya kimeng'enya hiki ambayo ini linaitengeneza likichochewa na steroidi, paka hana hiyo. Kwa hiyo ALP inaweza kupaa sana wakati ini linafanya kazi zake vizuri tu. Picha ya kawaida ya damu ni ALP juu sana, ALT (kimeng'enya kinachovuja seli za ini zikiumia) juu kidogo, bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) kawaida, albumini (protini inayotengenezwa na ini) kawaida. Iweke kichwani, maana bilirubini ikipanda au ukikuta maji tumboni, hiyo tena sio stori ya steroidi peke yake na unatakiwa uanze kuwaza kitu kingine.

Hatua ya 1: Uliza maswali, tena uliza vizuri

Ukiuliza "anatumia steroidi?" utajibiwa hapana na aliyekujibu hajakudanganya, hajui tu. Mazungumzo yenyewe huwa hivi: "Mama, mbwa anatumia dawa yoyote kwa sasa?" "Hapana daktari, hakuna." "Na ya masikio?" "Aa, ya masikio ipo, namwekea asubuhi na jioni, lakini hiyo si ya kunywa." Sasa hiyo ya masikio mara nyingi ina steroidi ndani yake, na ikitumika muda mrefu inaingia mwilini kiasi cha kubadilisha ini na kulaza tezi za adrenali, zile tezi ndogo karibu na figo zinazotengeneza steroidi za mwili wenyewe.

Kwa hiyo uliza kwa vitu, usiulize kwa majina ya kitaalamu: vidonge vya kuwashwa, sindano ya ngozi, matone ya macho, matone ya masikio, krimu, spreyi. Usiisahau hata krimu ambayo mwenye mbwa anajipaka mikononi mbwa akailamba. Mwambie alete chupa na maboksi yote au apige picha atume, usitegemee kumbukumbu. Kisha andika jina la dawa, miligramu kwa kilo, ilianza lini, ya mwisho ilikuwa lini. Sindano zile za kukaa muda mrefu, kama methilprednisoloni asetati, zinaendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa baada ya kuchomwa, kwa hiyo mtu akikwambia "aliacha dawa mwezi uliopita" uliza aliacha ipi.

Uliza pia dawa ya kifafa. Fenobabitali nayo inapandisha ALP na inagusa ini, na mbwa anayetumia vyote viwili atakuchanganya kama hukujua mapema.

Na hapohapo mwambie mwenye mbwa asije akaikata dawa ghafla nyumbani kwa sababu kasikia ini limevimba. Tezi za adrenali zikiwa zimelala kwa muda mrefu, kukata ghafla kunaweza kumuangusha mbwa kabisa. Dawa inapunguzwa taratibu na daktari aliyeianzisha.

Hatua ya 2: Andaa mbwa

Asile kwa saa 8 hadi 12, maji anywe. Tumbo lililojaa chakula na gesi linafunika upande wa kushoto wa ini, halafu mfuko wa nyongo unasomeka vizuri zaidi ukiwa umejaa. Mwenye kisukari na watoto wadogo wa mbwa hawa panga nao tofauti, usiwafungishe tu kama wengine. Ila kumbuka mbwa wa steroidi ana njaa isiyoisha na anaomba chakula kwa macho hayo, watu wengi wanashindwa kuvumilia, kwa hiyo siku ya kipimo uliza moja kwa moja kama kuna kitu kapewa, hata kipande kidogo.

Tatizo lingine ni kuhema. Hawa mbwa wanahema sana, ini linapanda na kushuka, na hewa wanayomeza inajaa tumboni. Mpe muda atulie kwenye chumba kisicho na joto wala kelele kabla hujamlaza. Ikibidi dawa ya kutuliza, mi napendelea butofanoli kwa kazi hii kuliko asepromazini, kwa sababu asepromazini inavimbisha bandama na bandama ndo mojawapo ya viungo utakavyovitumia kulinganisha, sitaki kuanza kukisia nani kalivimbisha.

Ngozi ni ya kuangalia sana. Steroidi zinaifanya nyembamba, inachubuka na kuvia damu kirahisi, mashine ya kunyolea ipite taratibu na blade isiwe ya moto. Mwambie mwenye mbwa mapema kwamba nywele zitachelewa kuota, huyu sio mbwa wa kawaida, sehemu uliyonyoa inaweza kubaki wazi muda mrefu na usipomwambia atadhani umemharibia mbwa. Ukikuta mabaka magumu meupe kwenye ngozi ya tumbo, hayo ni madini yamejikusanya, yanazuia sauti na kutupa kivuli cheusi chini yake, sogeza probu pembeni usikandamize.

Eksirei, kwa ufupi

Kama unayo piga, kama huna usilie. Piga akiwa amelalia ubavu wa kulia na nyingine akiwa chali, mwisho wa kutoa pumzi. Ini kubwa linatokeza nyuma ya ukingo wa mbavu, ncha yake ya chini inakuwa butu badala ya kuchongoka, na tumbo la chakula linasukumwa kurudi nyuma. Kwenye picha ya ubavu, mstari unaopita katikati ya tumbo la chakula kwa kawaida unalala kati ya kufuata mbavu na kusimama wima kwa uti wa mgongo, ukiona umelalia nyuma kupita hapo basi ini limelisukuma. Angalia na kifua wakati una picha mkononi, njia za hewa zinaweza kuwa na madini kwenye kuta.

Inakudanganya lini? Ukipiga mbwa amevuta pumzi ini linashuka na kuonekana kubwa. Mbwa wenye kifua kirefu chembamba ini linajificha ndani ya mbavu hata likiwa limekua kidogo. Na hata ikisoma sawa, eksirei inakupa ukubwa tu, sababu haiijui.

Hatua ya 3: Seti mashine kisha iache

Hapa ndo watu wengi wanapoharibikiwa. Weupe wa ini kwenye skrini unatokana na ini na pia unatokana na vidole vyako. Ukipandisha geini (kitufe cha kuongeza mwangaza wa picha) kila ini ni la steroidi, ukiishusha hakuna mbwa mgonjwa duniani.

Tumia probu ndogo ya mviringo, karibu MHz 5 hadi 8 kwa mbwa wengi, wadogo sana unaweza kwenda juu zaidi, wakubwa wanene shuka hata chini ya 5 ili sauti ifike. Ini la steroidi linameza sauti, kwa hiyo usishangae kulazimika kushuka masafa kuliko ulivyozoea kwa mbwa wa uzito huo. Weka kina hadi uone kiwambo chote. Zile slaidi za pembeni zinazorekebisha mwangaza kwa kina zianzie kwenye mstari uliozoea kwa mbwa mzima. Fokasi iweke katikati ya ini. Halafu fanya jaribio moja dogo: tafuta mshipa mkubwa wa damu, ndani yake panatakiwa pawe peusi. Kama damu inaonekana ya kijivu, geini iko juu, shusha.

Ukishaseti, usiguse tena hadi umalize kulinganisha viungo. Na uhifadhi mpangilio huo kwa jina la mbwa au uuandike kwenye faili, utauhitaji akirudi.

Hatua ya 4: Pita ini lote

Mbwa chali, au ubavuni kama anahema sana. Anza chini ya ncha ya kidari, elekeza probu kuelekea kichwani, pepea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia hadi ini liishe pande zote, kisha geuza probu nyuzi 90 urudie. Upande wa kulia na mbwa wenye kifua kirefu pita katikati ya mbavu, nafasi ya 10 hadi ya 12, hapo utaona vizuri na vena porta ambao ndo mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka utumboni.

Ukubwa kwa ultrasaundi ni wa kukadiria, hakuna kipimo kimoja ambacho watu wote wanakiamini. Mi naangalia ini limepita ukingo wa mbavu kiasi gani, linaigusa figo ya kulia na kuisukuma au vipi, na kingo zimechongoka au zimekuwa butu. Ini la steroidi uso wake unabaki laini. Ukiona uso una mabonde na vilima, au ini ni dogo, hiyo inaelekea kwenye makovu na homa ya ini ya muda mrefu, usilazimishe iwe steroidi kwa sababu tu karatasi imesema anakunywa prednisoloni.

Ndani yake unatarajia weupe uliosambaa sawasawa, chembechembe laini. Kuta za matawi ya vena porta kwa kawaida zinaonekana kama mistari miwili inayong'aa, sasa ini lenyewe likiwa jeupe ile mistari inapotea, unabaki na mirija myeusi isiyo na kuta. Na sehemu ya ndani kabisa karibu na kiwambo inafifia kwa sababu sauti imeliwa njiani. Hapo mkono utataka kupandisha geini. Usipandishe, kule kufifia ni dalili, kaandike kwenye ripoti.

Hatua ya 5: Linganisha

Weupe hausemi kitu mpaka uuweke pembeni ya kitu kingine. Kwa mbwa mzima, bandama ndo jeupe kuliko vyote, ini linafuata, na gamba la figo (sehemu yake ya nje) linakuwa sawa na ini au jeusi kidogo. Kwa hiyo tafuta picha moja yenye ini na figo pamoja: kipande cha nyuma cha ini kinachoikumbatia figo ya kulia, wameshikana, ni rahisi kuwapata pamoja. Hapo ini likiwa jeupe waziwazi kuliko gamba la figo, andika. Kisha nenda kushoto, tafuta mahali ambapo ini na bandama vinaonekana kwenye fremu moja, au bandama na figo ya kushoto. Ini likilifikia bandama au kulipita kwa weupe, hapo hakuna ubishi tena kwamba limebadilika.

Kwa nini viwili? Kwa sababu figo nayo inaweza kuwa mgonjwa na gamba lake likawa jeupe, ukilinganisha na hiyo peke yake ini litaonekana zima. Na bandama likiwa na shida yake, kosa linaenda upande mwingine. Linganisha kwenye kina kilekile, figo iliyoko sentimita 3 huwezi kuilinganisha na ini la sentimita 8.

Kwa mbwa wanene kuna kitu cha tatu, yale mafuta yanayokaa chini ya ini kwa mbele, karibu na kidari. Ini la steroidi linaweza kuwa jeupe mpaka likafanana nayo kabisa, usijue moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Wengine wanapima mafuta wakidhani ni ini, wanaandika ini kubwa mno. Tafuta mishipa ya damu, ini lina mishipa mingi inayotawanyika, mafuta hayana. Doppler ya rangi, inayoonyesha damu inavyotembea, inamaliza ubishi kwa sekunde chache.

Vinundu

Hii ndo sehemu inayotia watu hofu. Ini la steroidi si lazima liwe jeupe sawasawa, linaweza kuwa na mabaka, na ndani ya ule weupe ukakuta vinundu vyeusi vidogo. Mbwa wazee wengi wana vinundu visivyo na madhara na vinaonekana zaidi mazingira yakishakuwa meupe. Shida ni kwamba saratani iliyosambaa nayo inaweza kuja na vinundu vyeusi vidogo. Kwa macho tu huwezi kuvitofautisha kwa uhakika, anayekwambia anaweza muombe majibu ya bayopsi (kipande cha ini kilichokatwa na kupimwa).

Kinachonifanya nisimame ni kinundu chenye katikati nyeupe na pete nyeusi kuzunguka, kinundu kinachobinua uso wa ini, uvimbe mmoja mkubwa, tezi za limfu zilizovimba jirani, au maji tumboni. Ukiona hayo toka kwenye stori ya steroidi, mpeleke kwenye sindano ya kuchukua seli au CT (eksirei ya vipande vipande). Kama kuna ultrasaundi ya kontrasti (dawa ya mshipani inayong'arisha picha) ni msaada mkubwa, vinundu vibaya kwa kawaida vinatoa kontrasti haraka na kubaki vyeusi wakati ini zima bado limewaka. Na ukikuta matundu meusi madogo mengi mno yaliyozungushiwa utando mweupe, ini zima hivyo, angalia nyayo za mbwa, kama zimepasuka na kutoa magaga huo ni ugonjwa mwingine wa ini na ngozi, na kwa huyo steroidi inaweza kumuongezea matatizo.

Mbwa wa aina ya Scottish Terrier nawaweka pembeni. Wao wanaweza kupata ini la kuvimba kwa glaikojeni bila steroidi yoyote ya kupewa, linaendelea taratibu miaka, na baadhi yao wanaishia na saratani ya ini. Huyo hata kama anakula prednisoloni usimuache bila kumfuatilia.

Mfuko wa nyongo, usiupite

Steroidi nyingi mwilini, za kupewa au za Cushing (ugonjwa wa mwili kujitengenezea steroidi nyingi mno), zinaenda pamoja na nyongo nzito. Matope ndani ya mfuko sio ajabu, mgeuze mbwa uone kama yanateleza kwenda chini. Yakiteleza andika tu. Yasipoteleza, yamekaa katikati, na pembeni kuna mistari inayotawanyika kama nyota, hiyo ni mukosili (ute mzito ulioganda ndani ya mfuko) na inaweza kupasua mfuko. Shetland Sheepdog, Cocker Spaniel na Miniature Schnauzer waangalie kwa macho mawili. Mafuta meupe sana yanayozunguka mfuko, au maji kidogo pembeni yake, ni dharura, hapo ini linasubiri na mpasuaji anapigiwa simu.

Pita na vena porta kwa Doppler wakati uko hapo. Steroidi zinafanya damu igande kirahisi, bonge ndani ya mshipa ni adimu lakini likiwepo hutaki kuwa uliyelikosa.

Hatua ya 6: Tezi za adrenali ndo zinazoamua

Kama una muda wa kutafuta kitu kimoja tu zaidi ya ini, tafuta hizi. Ini linakudokeza huenda kuna steroidi nyingi mwilini, adrenali zinakwambia zimetoka wapi.

Ya kushoto ni rahisi zaidi. Pata figo ya kushoto, sogea kuelekea katikati hadi uone aota (ateri kuu ya mwili), tafuta pale ateri ya figo inapochomoka, tezi imelala mbele kidogo ya hapo, ina umbo la ganda la karanga lenye kiuno katikati. Ya kulia inasumbua, iko upande wa ndani wa ncha ya mbele ya figo ya kulia, imeshikana na vena kava (mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni), na ini likivimba na gesi ikiwepo unaweza kuitafuta hadi jasho likutoke, pita kati ya mbavu za mwisho na ukandamize kidogo kidogo. Pima unene wa ncha ya nyuma tezi ikiwa imelala kwa urefu wake kwenye skrini, ukiikata mshazari utapata namba kubwa ya uongo. Namba iliyozoeleka kama mwisho wa kawaida ni mm 7.4, kwa mbwa wadogo nakuwa na wasiwasi kuanzia mm 6.

Kusoma kwake kuko hivi. Ini jeupe kubwa na adrenali zote mbili nyembamba zilizosinyaa: steroidi imetoka nje, kwenye dawa, na kama mwenye mbwa bado anasema hakuna dawa rudi hatua ya 1 umuulize masikio tena. Ini jeupe na adrenali zote mbili nene: fikiria Cushing ya tezi ya ubongoni, ambayo ndo asilimia 80 hadi 85 ya mbwa wenye Cushing. Moja kubwa na nyingine imesinyaa: uvimbe kwenye ile kubwa, angalia kama umeingia kwenye vena kava.

Kuna mtego. Adrenali nyembamba ziko pia kwa mbwa wa Addison, ambaye hana steroidi ya kutosha, lakini huyo ini lake kwa kawaida ni dogo au kawaida, haliwi kubwa jeupe. Viungo viwili vikisomwa pamoja mara nyingi havitakuchanganya. Na mbwa anayeumwa ugonjwa wowote wa muda mrefu adrenali zake zinaweza kunenepa kidogo, usimpe mtu Cushing kwa nusu milimita.

CT na MRI

Kwa swali hili peke yake sipeleki mbwa CT. Ila kama anaenda kwa sababu nyingine, kuna faida moja: bila kontrasti ini la mbwa mzima linakaa karibu HU 60 (HU ni kipimo cha CT cha msongamano wa tishu), mafuta yanalishusha wazi, glaikojeni hailishushi na inaweza hata kulipandisha. Kwa hiyo ini lililo jeupe kwenye ultrasaundi na halijashuka HU kwenye CT linaelekea zaidi kwenye glaikojeni kuliko mafuta. MRI nayo ina picha za jozi ambazo mafuta yanapoteza mwanga kwenye moja na glaikojeni haipotezi. CT inasaidia zaidi kupanga upasuaji wa adrenali au uvimbe wa ini.

Hatua ya 7: Sindano, kama kuna sababu

Kama dawa inajulikana, weupe wa ini umesambaa sawasawa, adrenali zimesinyaa, bilirubini kawaida, mbwa anachangamka, mi sichomi. Nachoma stori isipoungana: kuna vinundu vya kutia shaka, ALT imepanda kuliko ALP, manjano, mbwa anakonda wakati wa steroidi huwa ananenepa.

Angalia chembe sahani na kuganda kwa damu kwanza. Sindano ya geji 22, kwa ultrasaundi, ingiza na kutoa bila kuvuta sirinji ili damu isijae. Kwenye saitolojia (seli hizo zikiangaliwa kwa hadubini) seli za glaikojeni zinakuwa zimevimba na ndani ni kama zimefifia, bila mipaka, za mafuta zina matundu ya duara yenye ukingo mkali. Ila kuvimba huko ni majibu ya kawaida ya ini kwa mambo mengi, kwa hiyo saitolojia inakusaidia zaidi kuondoa limfoma kuliko kuthibitisha steroidi. Kinachothibitisha kwamba ni glaikojeni ni bayopsi iliyotiwa PAS, rangi inayoonyesha glaikojeni.

Hatua ya 8: Andika, kisha panga arudi

Usiandike "ini la steroidi". Andika ulichoona na uache jina kwenye hitimisho, mfano: "Ini limekuwa kubwa kiasi, kingo butu, uso laini, weupe uliosambaa sawasawa kuzidi gamba la figo ya kulia na sawa na bandama, sauti inafifia kwa kina, kuta za porta hazionekani vizuri. Adrenali zote mbili ni nyembamba. Mfuko wa nyongo una matope yanayotembea. Picha inaendana na ini lililojaa glaikojeni kutokana na steroidi za kupewa, kwa kuzingatia historia ya dawa ya masikio." Sentensi ya mwisho bila ile ya adrenali na bila historia ina thamani ndogo sana.

Arudi lini? Steroidi ikishapunguzwa na kuisha, ini linarudi, lakini kwa wiki hadi miezi, na ALP inashuka polepole pia. Wiki 6 hadi 8 baada ya dozi ya mwisho ni muda wa haki wa kuangalia tena, kwa sindano za kukaa muda mrefu ongeza. Tumia probu ileile, masafa yaleyale, mpangilio uleule uliouhifadhi, pata tena ile fremu ya ini na figo ya kulia na uziweke picha mbili pembeni kwa pembeni. Ukibadilisha mashine sema kwenye ripoti kwamba weupe haulinganishiki.

Kama mbwa hawezi kuacha steroidi kwa sababu ya ugonjwa mwingine, ini kubwa jeupe peke yake halitoshi kuwa sababu ya kumnyima dawa inayomuweka hai, fuatilia bilirubini, albumini na mfuko wa nyongo. Na kama dawa imeisha kabisa, miezi imepita, ini bado jeupe na ALP iko juu, mpeleke kwenye vipimo vya Cushing. Kumbuka prednisoloni inaingilia kipimo cha kortisoli na kukupa namba ya uongo, deksamethasoni haiingilii, kwa hiyo mwenye kuagiza kipimo lazima ajue mbwa alikula nini na lini.